Ukishatoka kwa tutoriali, fungua msimbo wenyewe usome

Kuna swali vijana huniuliza sana hapa Nairobi, hasa wale wanajifunzia nyumbani na laptopu ya mitumba kutoka Luthuli Avenue, na huwa linakuja karibu na maneno yale yale: "Kaka, nimefuata tutoriali ya Python mpaka mwisho na nilikuwa naelewa kila kitu, lakini nikifungua faili tupu nianze ya kwangu hata mstari mmoja hautoki, sasa shida iko wapi?"

Venye mimi naona, shida ni kwamba kwa tutoriali unamwangalia mtu ambaye maamuzi yote alishayafanya kabla hajaanza kurekodi, wewe unaona tu jibu likiandikwa, huoni venye alikuwa na njia mbili mbele yake akaacha moja, na hapo pa kuchagua ndipo kazi yote ya programu iko. Sasa kuna mahali hayo machaguo yameandikwa wazi, bure, na watu wanaoijua kazi yao vizuri sana: ni kwa komenti za msimbo uliotunzwa, yaani yale maelezo ya kawaida waandishi huacha ndani ya code ili mtu mwingine asome, kompyuta huyaruka. Na nataka uufungue mapema, kabla hujajiona uko tayari.

Tutoriali nazipenda na siwezi kumwambia mtu aziruke. Ile rasmi ya Python ni maandishi, unaweza kupakua nyaraka zao zote mara moja ukasoma wiki nzima bila intaneti, na hiyo si kitu kidogo kwa mtu wa Githurai ama Kayole ambaye video moja ndefu inammalizia bando ya siku. Ile ya Django nayo, ya kujenga apu ndogo ya kupiga kura, bado ni kati ya zile bora nimewahi kusoma. Django yenyewe ilizaliwa ndani ya gazeti la mji wa Lawrence huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma 2005, na mpaka leo watu wanaisifu kwa nyaraka zake, kila hatua wanakuambia hii faili ni ya nini na ukitaka kwenda ndani zaidi usome ukurasa gani. Hiyo ndio alama mimi hutafuta, tutoriali inayokueleza kwa nini na inayokutuma nje yake. Ile inakushika mkono mwanzo mpaka mwisho bila kukutuma popote, imalize haraka utoke, na ukijiona unaanza nyingine ya mambo yale yale, simama hapo hapo.

Wacha nichukue mfano mmoja tuende nao polepole. Chama cha mamangu huwa na zamu za kupokea pesa, na kila mwaka lazima wapange nani anapokea mwezi wa kwanza, nani wa pili, mpaka wa mwisho, na hapo ndio maneno huanza juu kupokea Januari wakati karo inadaiwa na kupokea Novemba si kitu kimoja. Wakaniuliza kama kompyuta inaweza kupanga bila upendeleo. Kwa Python ni mstari mmoja tu, unaweka majina kwa listi unaita `random.shuffle(majina)`, imeisha, na tutoriali nyingi zinaishia hapo. Lakini hawa ni akina mama wanaweka pesa yao ya jasho, na mmoja akauliza, "Na tutajuaje hiyo mashine yako haipendelei mtu, mwanangu?" Ni swali la haki kabisa. Jibu lake liko ndani ya faili.

Fungua Python uandike `import random` halafu `print(random.__file__)`, itakuonyesha hiyo faili iko wapi ndani ya laptopu yako, tayari, hakuna cha kupakua. Ifungue utafute neno shuffle. Ukiondoa maelezo ya juu, kiini chake ni hiki:

```
for i in reversed(range(1, len(x))):
    # pick an element in x[:i+1] with which to exchange x[i]
    j = randbelow(i + 1)
    x[i], x[j] = x[j], x[i]
```

Inaanza kwa jina la mwisho kwa listi, inachagua mmoja kati ya wote waliobaki, pamoja na huyo mwenyewe, inawabadilishana nafasi, halafu huyo aliyekaa mwisho haguswi tena, inarudi nyuma hatua moja na kurudia. Sasa jiulize kwa nini `i + 1` na sio urefu wa listi yote, juu ukimwambia mtu anayeanza aandike yake mwenyewe mara nyingi atapita kila nafasi na kuibadilisha na nafasi yoyote ya listi nzima, na kwa macho itaonekana inachanganya poa tu. Chukua watu watatu ufanye hesabu na kalamu. Ile ya listi nzima ina hatua tatu na kila hatua ina machaguo matatu, 3 mara 3 mara 3, njia 27. Mipangilio ya watu watatu ni 6. Gawanya 27 kwa 6, haigawanyiki, kwa hivyo haiwezekani mipangilio yote ipate nafasi sawa, na ukizihesabu moja moja utakuta mitatu inapata njia 5 na mitatu inapata 4. Kuna mama anaonewa na hakuna mtu ataona. Ile ya Python ina machaguo 3 halafu 2, njia 6 kwa mipangilio 6, kila mmoja na yake. Tofauti yote ya haki na dhuluma hapo imebebwa na hiyo `i + 1`, na komenti ya mstari mmoja juu yake ndio inakuonyesha mahali pa kuangalia.

Hii njia si ya Python, wanatakwimu Fisher na Yates waliichapisha 1938 ikiwa ya kufanywa na kalamu na karatasi, na Durstenfeld akaiandika kwa ajili ya kompyuta 1964. Hayo nilianza kuyafuata baada ya kusoma hiyo mistari minne, na hivyo ndivyo msimbo mzuri hukupeleka, unavuta uzi mmoja unakuta ni mrefu.

Usiishie hapo pia, fuata hiyo `randbelow`. Iko juu kidogo kwa faili hiyo hiyo. Kompyuta inatoa biti, yaani sifuri na moja, na wewe unataka namba chini ya 5, sasa utazipataje? Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuchukua biti tatu, ambazo zinatoa 0 mpaka 7, halafu ugawe kwa 5 uchukue baki. Lakini 5, 6 na 7 zinarudi kuwa 0, 1 na 2, kwa hivyo hizo tatu zinatokea mara mbili zaidi ya 3 na 4. Python inafanya nini? Inachukua biti tatu, ikipata 5 ama zaidi inatupa na kuchukua zingine, inarudia mpaka ipate inayofaa. Ni mistari michache sana ya `while`. Nikimaliza hapo niliweza kukaa chini na wale akina mama na vifuniko vya soda na karatasi nikawaonyesha, na tukakubaliana kila mmoja aandike namba kwa karatasi kabla ya kusikia za wengine, tukazijumlisha zote, hiyo jumla tukaipa `random.seed()` mbele yao, ili yeyote mwenye mtoto anayejua Python aweze kurudia na toleo lile lile na kupata orodha ile ile. Hilo wazo la seed nalo lilitoka kwa nyaraka, zinasema wazi kwamba mashine ya namba iliyo ndani, Mersenne Twister, ukiianzisha pale pale itakupa mfululizo ule ule, na ndio maana wanakuonya usiitumie kwa mambo ya usalama kama nywila, kwa hayo kuna moduli inaitwa `secrets` tangu Python 3.6.

Kitu kimoja mimi hufanya na nakihimiza sana: daftari. La karatasi. Nikisoma komenti ngumu naiandika upya kwa Kiswahili changu, kama ninamweleza mtu tumekaa naye kwa matatu ya kwenda Rongai na tuko kwa jam, na nikishindwa kuiandika najua bado sijaielewa hata kama nilikuwa natingisha kichwa nikisoma. Ya pale juu niliandika, "chagua mmoja kati ya waliobaki, na huyu mwenyewe akiwemo, aliyeshapangwa haguswi." Ukifanya hivyo kwa fanksheni moja kila jioni, baada ya muda una kitabu chako mwenyewe, na kinasomeka hata stima ikipotea.

Baada ya Python, nenda kwa SQLite, programu ndogo ya databesi. Iko kwa simu yako sasa hivi, Android na iPhone zote wanaitumia kuhifadhi vitu, na D. Richard Hipp aliianza mwaka wa 2000. Imeandikwa kwa C, ni mali ya umma kabisa, hakuna leseni ya kukuzuia, na komenti zake ni za mtu anayetaka uelewe kweli. Najua C inaogopesha watu. Lakini hapa hauhitaji kujua C ndio ufaidike, juu sehemu nzuri zaidi ni maelezo matupu. Fungua `btree.c` na juu kabisa inakuambia uende usome maelezo ya `btreeInt.h`, na huko utakuta wamechora kwa maandishi venye faili la databesi limepangwa baiti kwa baiti: limekatwa kurasa, ukurasa wa kwanza unaanza na kichwa cha baiti 100, baiti 16 za kwanza za hicho kichwa ni maneno "SQLite format 3" na sifuri mwishoni, halafu baiti mbili zinazofuata ni ukubwa wa ukurasa.

Sasa fanya hivi, na tafadhali ufanye kweli usisome tu upite. Tengeneza databesi ndogo na Python, moduli ya `sqlite3` inakuja nayo, weka jedwali moja na majina mawili matatu. Halafu kwa terminali uandike `xxd`, amri ya kuonyesha faili baiti kwa baiti, na jina la hiyo faili. Utaona hayo maneno "SQLite format 3" yamekaa pale mwanzo, utahesabu mpaka baiti ya 16 na kwa kawaida utakuta 10 00, ambayo kwa hesabu ya kumi na sita ni 4096, ukubwa wa ukurasa, sawa sawa na komenti ilivyosema. Teremka chini zaidi utaona majina uliyoweka yako hapo, yanasomeka. Mimi bado sijapata kitu kinachomtoa mtu woga haraka kama hiki, juu kabla ya hapo databesi ilikuwa kitu cha ajabu kiko mahali, na sasa ni faili, ina baiti, na kuna mtu alikaa chini akaandika kila baiti ni ya nini.

Redis, databesi inayoweka vitu kwa memori, pia ina msimbo safi sana, ilianzishwa na Salvatore Sanfilippo, Mtaliano, 2009, na ukitaka pa kuanzia anza na `adlist.c`, ni listi tu ya kawaida ya kuunganisha na ni fupi, unaimaliza jioni moja.

Na kama unataka kitu kilichofanya kazi hapa kwetu, angalia OpenMRS, ule mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao ulianza kutumika Eldoret 2006. Ni Java na ni mkubwa, kwa hivyo usianze na msimbo, anza na maelezo ya majedwali yake. Utakuta kuna jedwali la mgonjwa, la ziara yake, la yale daktari aliyoyaona, na kuna moja linaitwa concept ambalo ndio moyo wa kila kitu: kila swali ambalo kliniki inaweza kuuliza ni mstari ndani ya hilo jedwali, sio safu mpya, kwa hivyo kliniki ikitaka kuanza kupima kitu kipya hakuna mtu anabomoa databesi, wanaongeza mstari tu. Mtu akikuambia ubuni mfumo wa shule ama wa zahanati ya mtaa, utakuwa umeshaona watu wazito walivyolitatua hilo. Ushahidi nayo, ule mfumo wa wananchi kuripoti matukio kwa ramani, uliozaliwa Januari 2008 wakati ule mgumu baada ya uchaguzi, ni PHP na msimbo wake uko wazi kwa GitHub.

Si kila msimbo unafaa kusomwa, hiyo pia niseme. Kuna komenti zinaeleza kitu mstari wenyewe umeshasema, "ongeza moja kwa i" juu ya `i += 1`, hizo hazikufundishi chochote. Kuna mbaya zaidi, zile zilizoandikwa zamani msimbo ukabadilika zikaachwa hapo, zinakudanganya kwa uso mkavu. Ukiona komenti na msimbo havikubaliani, tafuta majaribio, yaani zile faili za testi, juu hizo kompyuta inaziendesha kila mara na zikidanganya zinaanguka. Kwa kweli mara nyingi mimi huanza na testi kabla ya kitu kingine chochote, zinakuonyesha fanksheni inaitwa vipi, inapewa nini na inategemewa irudishe nini, ni kama mifano ya tutoriali lakini ya kweli. Halafu kuna historia ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, `git log` na `git blame`, unauliza huu mstari uliwekwa lini na kwa sababu gani, na kwa projekti zinazotunzwa vizuri ujumbe wa hayo mabadiliko ni shule nyingine nzima. AI pia unaweza kuiuliza ikueleze fanksheni, sawa, lakini ukiwa na faili mbele yako, ili ikisema kitu ukiangalie kwa mstari wenyewe kabla hujakiamini.

Huwa nafikiria sana kuhusu John Lions, mwalimu wa chuo cha New South Wales huko Australia, ambaye 1976 alitayarisha msimbo wa Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, toleo la sita na maelezo yake mstari kwa mstari kwa ajili ya wanafunzi. Baadaye leseni ya toleo lililofuata ikakataza msimbo kufundishiwa darasani, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakipitishiana fotokopi ya hayo maelezo, fotokopi ya fotokopi, mpaka yaliporuhusiwa kuchapishwa wazi 1996. Watu walitoa fotokopi ya mfumo mzima wa kompyuta ili wausome! Ndani ya huo msimbo kuna ile komenti maarufu ya Dennis Ritchie, mmoja wa waliounda Unix, inayosema hutegemewi kuelewa hii, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba alimaanisha haitakuja kwa mtihani, na akaongeza kwamba shida kubwa zaidi ni kuwa hata wao hawakuwa wameelewa vizuri kinachoendelea pale. Sisi tunaandika `git clone` mara moja kwa Wi-Fi ya maktaba, tunarudi nyumbani nayo yote, na historia yake yote, na hatuifungui.

Faili ambayo ningependa kila mtu anayejifunza aisome siku moja ni `listsort.txt`, iko kwa folda ya Objects ndani ya msimbo wa Python. Sio msimbo hata, ni maelezo ya Tim Peters, mmoja wa watengenezaji wa Python, kuhusu venye Python inapanga listi, njia aliyoitengeneza 2002 ambayo tunaiita Timsort na ambayo Java na Android pia waliichukua. Anaeleza kwamba data ya kweli mara nyingi huwa imeshapangwa kwa vipande, kwa hivyo anatafuta hivyo vipande kwanza badala ya kuanza upya, na anaandika sheria kuhusu urefu wa vipande vinavyosubiri kuunganishwa, sheria ambayo lazima iwe kweli wakati wote. Sasa sikia. 2015 watafiti walichukua hiyo sheria wakajaribu kuithibitisha kwa hesabu juu ya msimbo wa Java, ikakataa, kuna mpangilio wa data ambao unaivunja, na kwa Java unaweza kuifanya programu ianguke. Hitilafu ilikuwa imekaa miaka hapo kwa mashine sijui ngapi duniani. Ilipatikana juu mtu aliandika wazi alichokusudia, na mwingine akaweza kuja baadaye akalinganisha kusudi na kazi. Python wakarekebisha, na tangu 3.11 hata wamebadilisha jinsi vipande vinavyochaguliwa kuunganishwa, na sababu zake wameziandika kwa faili ile ile.

Ni ndefu na kuna sehemu za hesabu nzito, mimi nimeisoma kwa vipande na bado narudi. Ukianza, anza na pale anapoeleza vipande vilivyopangwa, ruka jedwali la namba, na uwe na listi yako ndogo ya mfano kwa karatasi kando, namba kumi hivi, uipange kwa mkono ukifuata anavyosema.